Kutoka Nakuru Kwenda Ziwani: Mwongozo wa Kulinda Afya ya Msafiri Anayekwenda Nyumbani

Wakaazi wengi wa Nakuru wenye asili ya Nyanza na Magharibi hawasemi kwamba wanasafiri wanaposhuka Siaya, Busia au Homa Bay. Husema wanaenda nyumbani. Neno hilo lina utamu wake, lakini ndilo linalowaponza. Mtu anayekwenda Kampala au Mombasa hupanga, huuliza na kununua dawa mapema, ilhali anayekwenda nyumbani hufunga mkoba usiku wa kuamkia safari, akatia sukari na majani chai ya mama, akafunga zipu. Mwili haujui kwao ni wapi. Kinga dhidi ya malaria aliyo nayo mtu aliyekulia kando ya ziwa hutokana na kuumwa na mbu mara kwa mara tangu utotoni, na akikaa miaka kadhaa katika nyanda za juu, ambako mbu hao ni wachache, kinga hiyo hupungua. Watoto wake waliozaliwa Nakuru hawakuwahi kuwa nayo kabisa. Basi hufika kwao akiwa mwenyeji kwa ukoo na mgeni kwa mbu, na hatua zifuatazo zimepangwa kwa ajili yake, kuanzia siku anapopata habari ya safari hadi miezi kadhaa baada ya kurudi.

Hatua ya kwanza: Anza wiki mbili kabla, kama safari inakuruhusu

Msiba haupigi hodi wiki mbili kabla, lakini Krismasi, harusi na likizo za shule zinajulikana, na muda huo una kazi yake. Dawa za kujikinga na malaria hazifanani. Meflokwini humezwa mara moja kwa wiki na huanzwa wiki 2 hadi 3 kabla ya kuondoka. Doksisaiklini humezwa kila siku, huanzwa siku 1 au 2 kabla, na ni lazima iendelee kwa wiki 4 baada ya kurudi. Mchanganyiko wa atovakoni na proguanili nao humezwa kila siku, lakini huachwa siku 7 baada ya kurudi. Daktari ndiye wa kukuchagulia, kwa maana doksisaiklini haimfai mama mjamzito wala mtoto wa chini ya miaka 8, na tena huifanya ngozi iungue na jua upesi, jambo ambalo si dogo kwa mtu anayekwenda kusimama kaburini saa saba mchana. Kosa ambalo watu hulirudia ni kuacha vidonge gari linapofika stendi ya Nakuru, wakidhani kwamba hatari imebaki ziwani. Vimelea alivyokuachia mbu wa usiku wa mwisho hujificha kwanza kwenye ini, kisha hutoka na kuingia katika damu baada ya siku kadhaa, na vidonge vya baada ya safari viko pale kuvisubiri.

Najua kwamba wengi hawatazinunua dawa hizi, hasa wanaokwenda kwa siku tatu wakiwa na familia ya watu sita. Asiyeweza asilegeze hatua ya nne na ya tano za mwongozo huu hata kwa usiku mmoja. Lakini kuna watu ambao hawafai kuingizwa katika hesabu hiyo ya kubana matumizi, na inawapasa kumwona daktari au muuguzi kabla ya kukata tiketi. Wa kwanza ni mama mjamzito. Katika kaunti zenye malaria nyingi, mama hupewa vidonge vya kuzuia malaria anapohudhuria kliniki ya wajawazito, lakini Nakuru haimo katika kundi hilo, kwa hiyo yeye huenda ziwani bila ulinzi ambao shemeji yake wa Bondo anao. Wa pili ni mtoto wa chini ya miaka mitano. Chanjo ya malaria, ambayo Kenya ilianza kuitoa Homa Bay mnamo Septemba 2019, imeelekezwa kwa watoto wa maeneo ya ziwa, na mtoto wa Nakuru hawezi kudhaniwa ameipata kwa sababu tu babu yake anaishi Rachuonyo. Wa tatu ni mwenye ugonjwa wa seli mundu, ambaye malaria, baridi kali na ukosefu wa maji mwilini vyote vinaweza kumwangusha kwa maumivu makali, na safari hii ina vyote vitatu.

Anayepanga kuvuka mpaka wa Busia au Malaba kuingia Uganda ahakikishe kwamba amechanjwa dhidi ya homa ya manjano na kwamba ana cheti chake. Cheti hicho huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa siku ya kuamkia safari hakukusaidii mpakani. Habari njema ni kwamba tangu 2016 sindano moja huhesabiwa kuwa ya maisha yote. Kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10, usiitupe.

Hatua ya pili: Funga mkoba wa afya kando na mkoba wa nguo

Uweke mahali ambapo mkono wako unafika, si kwenye buti la gari chini ya magunia ya viazi. Kitu cha kwanza ni chandarua chenye dawa kwa kila kitanda utakachotumia, pamoja na kamba ya mita kama 8 na misumari minne. Vitu hivi viwili vya mwisho hakuna anayevikumbuka, na bila hivyo neti hubaki imekunjwa kwenye mfuko siku zote tatu. Ongeza dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu, hasa yenye kiambato kiitwacho DEET, soksi ndefu, shati la mikono mirefu kwa kila mtu, tochi, kipimajoto, parasetamoli, pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), vidonge vya zinki kwa watoto, sabuni ya kipande na dawa ya klorini ya kutibu maji. Viatu vya kufunika mguu mzima ni vya lazima kwa watoto, kwa sababu funza wapo katika vumbi la boma nyingi na hupenda vidole vya mtoto anayecheza peku.

Mwenye dawa za kila siku, ziwe za shinikizo la damu, kisukari, kifafa au za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, abebe za siku za safari na za wiki moja zaidi, kwani mazishi huahirishwa na barabara hufungwa. Dawa zikae katika vifurushi vyake vyenye jina. Insulini inayotumika huvumilia joto la kawaida la chumba lisilozidi nyuzi 30, lakini juu ya dashibodi ya matatu iliyoegeshwa Ahero saa nane mchana joto hupita hapo kwa mbali. Iviringishe katika kitambaa kibichi ndani ya chupa ya chai isiyo na kitu cha moto, uibebe mapajani.

Hatua ya tatu: Panda gari la mchana, na uketi kwa akili

Kutoka Nakuru, iliyo karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, barabara hupanda kupitia Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit, ambako urefu hupita mita 2,400, kisha huteremka kupitia Kericho na Ahero hadi Kisumu, iliyo karibu mita 1,130. Kwa saa chache abiria hupita katika baridi ya kuvaa koti na kuishia katika joto la kutafuta kivuli, na hayo ndiyo maelezo ya masikio yanayoziba, vichwa vinavyouma na watoto wanaotapika. Masikio hufunguka kwa kumeza mate au kutafuna. Mtoto mchanga anyonyeshwe gari linapoteremka.

Lakini tusijidanganye kuhusu hatari kubwa ya barabara hii. Ni ajali. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa, na watu 36 wakapoteza maisha. Hakuna kidonge cha jambo hilo. Safiri mchana, funga mkanda hata kama kondakta anakucheka, shuka kwenye gari lililojazwa kupita kiasi, na usimhurumie dereva anayesinzia kwa kunyamaza. Wengi hupendelea gari la usiku ili wafike alfajiri na kuokoa siku moja ya kazi. Ukungu wa Mau Summit na malori ya masafa marefu havijali hesabu hiyo.

Kwa kichefuchefu, keti mbele au karibu na katikati, tazama mbali nje ya dirisha, na weka simu mfukoni. Kula kidogo kabla ya kuondoka. Tumbo tupu nalo huchafuka. Tangawizi huwasaidia wengi. Dawa ya kuzuia kutapika humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya gari kuondoka, kwa maana ikimezwa mtu akiwa ameshaanza kutapika hutoka pamoja na mengine. Nyingi ya dawa hizo huleta usingizi, kwa hiyo anayebeba mtoto mapajani afikirie mara mbili, na mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe bila daktari.

Kisha kuna suala la dirisha, ambalo huzua ugomvi katika kila matatu inayopita Molo. Mmoja akifungua, watu watano humwambia kwamba atawaletea nimonia. Upepo wa baridi hauleti nimonia. Kinachosambaza mafua na kifua kikuu ni hewa ya watu kumi na wanne iliyofungiwa pamoja na mmoja wao anayekohoa. Fungua kwa upana wa vidole viwili, mfunike mtoto kwa shuka, na waombe radhi wenzako kwa upole. Unapofika kituo cha kupumzika, yai lililochemshwa na kubanduliwa mbele yako au hindi linalotoka motoni ni salama kuliko soseji iliyopasuliwa na kujazwa kachumbari iliyokaa kwenye bakuli tangu asubuhi. Maji ya chupa yanunuliwe kwa kuangalia kifuniko kikikatika unapokifungua. Chupa inayofunguka bila mlio imeshapitia mikononi mwa mtu.

Hatua ya nne: Tundika neti kabla ya kusalimia nusu ya ukoo

Huu ndio moyo wa mwongozo huu. Mbu aina ya Anofelesi, anayeeneza malaria, huuma hasa kati ya magharibi na alfajiri. Msafiri anayefika saa kumi na moja jioni ana saa moja na nusu hivi ya mwanga, na mara nyingi huitumia kwa salamu. Ikifika saa nne usiku, stima haipo, watoto wamelala popote walipoangukia, na hakuna wa kutafuta msumari gizani. Kwa hiyo salimia wazee, kunywa chai, kisha omba kuonyeshwa mtakapolala kungali na mwanga.

Nyumba nyingi za kijijini hazina dari, na kati ya ukuta na bati kuna mwanya ambao mbu hupitia kama mlango. Usihangaike kuuziba. Tafuta mbao nne za paa zilizo juu ya kitanda, piga misumari au funga kamba, na tundika pembe nne za neti kwa urefu utakaoufanya upindo wake ufike chini ya godoro na kubaki wa kuchomekea. Neti inayoning'inia tu bila kuchomekwa ni pazia. Ikiwa mmetandikiwa magodoro sebuleni, kama ilivyo desturi wageni wanapozidi vitanda, vuta viti vinne vya mbao mgongo kwa nje, funga pembe za neti kwenye ncha za migongo hiyo, na chomeka upindo chini ya magodoro pande zote. Neti hukaa chini, lakini inatosha mradi mwili usiiguse, kwani mbu huuma kupitia matundu yake pale mkono au goti linapoegemea. Ingia na tochi, kagua pembe za ndani, ua uliyemfungia humo, kisha lala.

Neti uliyoikuta kitandani ichunguzwe. Tundu la ukubwa wa kidole gumba lishonwe au lifungwe fundo. Dawa ya mbu ya kuchoma hupunguza mbu chumbani, lakini moshi wake katika chumba kidogo chenye mtoto mwenye pumu huleta tatizo jingine, na haiwezi kushika nafasi ya neti.

Hatua ya tano: Jilinde kwenye mkesha

Neti humlinda aliyelala. Matanga hayalali. Watu hukaa nje chini ya turubai hadi usiku wa manane, wakiimba, wakilia, wakila, miguu mitupu chini ya viti vya plastiki, na mbu hufanya karamu yake palepale kwenye vifundo vya miguu. Nikiangalia familia yetu, waliougua baada ya safari walikuwa wale wa turubai, si wale wa chumbani.

Saa kumi na mbili jioni, kabla ya mkesha kuanza, vaa suruali ndefu, soksi na mikono mirefu. Akina mama wavae soksi na kujifunga leso hadi chini. Paka dawa ya kufukuza mbu kwenye vifundo, shingo, masikio na mikono, na urudie kama maelezo ya kifurushi yanavyosema, kwa maana nyingi huisha nguvu baada ya saa kadhaa. Usimpake mtoto viganjani, kwani atavitia mdomoni, na mtoto wa chini ya miezi miwili asipakwe kabisa bali awe ndani ya neti. Wapeleke watoto kulala saa mbili. Atakayesema kwamba unawatenga na msiba wa babu yao mjibu kwa heshima kwamba watamlilia asubuhi.

Hatua ya sita: Angalia maji zaidi ya chakula, na mikono zaidi ya vyote viwili

Msafiri huogopa samaki na kuamini maji. Ukweli mara nyingi ni kinyume. Sangara au ngege aliyetoka kwenye mafuta yanayotokota pale Dunga, akaletwa mezani akiwa bado anatoa mvuke, ni mmoja wa vyakula salama kabisa utakavyokula Kisumu; kinachokuumiza ni kachumbari iliyo pembeni yake, barafu iliyo ndani ya glasi, na mkono wako mwenyewe uliotoka kushika pesa na vyuma vya tuktuk kabla ya kumega ugali. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Beseni moja linalozungushwa kwa watu ishirini humwosha wa kwanza na kuwagawia wengine. Miwa iliyomenywa na kukatwa vipande, inayouzwa ikiwa imenyunyiziwa maji ili ing'ae, iache. Nunua mzima, umenye mwenyewe.

Kwenye mikusanyiko mikubwa kipindupindu si hadithi. Mlipuko ulioanza nchini Oktoba 2022 ulihusishwa kwanza na watu waliohudhuria harusi katika kaunti ya Kiambu, na maeneo ya ziwa hupata ugonjwa huo mara kwa mara, hasa mvua zinapojaza vyoo na visima. Katika msiba wenye wageni mia tano, chakula kilichopikwa alfajiri na kuliwa saa tisa bila kupashwa moto ndicho cha kukiepuka, hata kama ni pilau.

Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kwa dakika moja nzima. Yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha chemsha au tia klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na ungoje dakika 30. Ugumu si kuchemsha, ni adabu. Mama mkwe anapokuletea maji ya mtungi kwa mikono miwili, huwezi kuyanusa wala kuuliza yalitoka wapi. Msemo ambao haujawahi kuniaibisha ni huu: "Mama, tumbo limechafuka kidogo na safari, ningeomba chai ya rangi badala ya maji." Chai na uji vimechemshwa, mwenyeji hujisikia amekukirimu, na wewe hunywi usichokijua. Jambo la kuongeza kwa wanaotoka ziwani kuja Nakuru: maji ya visima vingi vya Nakuru yana floraidi nyingi, inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia, na kuchemsha hakuiondoi.

Ukiharisha, kazi ya kwanza ni kurudisha maji yanayopotea. Changanya pakiti ya ORS katika kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake. Ukikosa pakiti, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa bapa, katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa. Usikadirie chumvi kwa mkono, kwani ikizidi humdhuru mtoto. Kunywa kidogo kidogo kila baada ya choo, hata kama unatapika. Ngoja dakika kumi, uanze tena. Mtoto aendelee kunyonya na apewe zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajatimiza miezi sita. Kuhara kama maji ya mchele kunakomwaga lita kwa lita, damu kwenye kinyesi, macho yaliyobonyea, au mtoto aliyelegea asiyeweza kunywa si mambo ya kungoja asubuhi. Kisumu, bodaboda yeyote anaijua hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, na ukimwambia "Russia", jina lake la mtaani, atakuelewa upesi zaidi. Dharura hupigiwa 999 au 112.

Hatua ya saba: Litazame ziwa, usiingie

Wanaofahamu kichocho cha Pwani hungoja kuona damu kwenye mkojo. Kichocho cha Ziwa Viktoria kwa sehemu kubwa ni kile cha matumbo na ini, ambacho hakitoi dalili hiyo na huweza kukaa mwilini miaka mingi kikiharibu taratibu. Konokono waishio kwenye maji tulivu ya ufukoni, penye matete na gugu maji, huachia viluwiluwi vidogo visivyoonekana, navyo hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Huna haja ya kumeza maji wala kuwa na kidonda. Saa za katikati ya mchana, ambapo watoto hutamani sana kuogelea, ndizo ambazo viluwiluwi hivyo hutoka kwa wingi.

Kwa hiyo usiogelee, usioshe gari ukiwa umesimama majini hadi magotini, na usimtume mtoto kuteka maji. Maji ya kuoga yaliyotekwa ziwani yaachwe kwenye pipa lililofunikwa kwa siku mbili, au yapashwe moto. Ukitumbukia kwa bahati mbaya, jifute haraka na kwa nguvu kwa taulo. Inasaidia, lakini usiifanye kuwa mpango. Unapokwenda Rusinga, Mfangano au Takawiri kwa boti, ondoka asubuhi, kwa sababu dhoruba za ziwa hupenda alasiri, na usipande boti ambalo halikupi jaketi la kuokolea maisha. Kiboko akionekana karibu na ufuko wa Dunga, picha inaweza kungoja.

Mbwa wa boma nao watazamwe. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda ukapate chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo, hata kama wenyeji wanasema mbwa huyo hana neno.

Hatua ya nane: Ukirudi, hesabu siku

Desemba moja tulikaa Alego siku nne kwa mazishi. Siku ya kumi na mbili baada ya kurudi, binti yangu alirudi kutoka kucheza, akalala kwenye kiti na koti lake, mchana, jua likiwaka. Zahanati ya karibu ilimpa dawa ya kikohozi na kuturudisha nyumbani. Ilikuwa msimu wa mafua, na hakuna aliyeuliza, wala mimi sikusema. Jirani yetu ndiye aliyeuliza, akiwa amesimama mlangoni na ndoo yake: "Mama, kwani Krismasi mlikuwa wapi?" Usiku huo kipimo cha damu kilionyesha malaria.

Kutoka kuumwa na mbu hadi homa huchukua siku 7 au zaidi, mara nyingi ndani ya mwezi, na wakati mwingine hata miezi mitatu, hasa kwa aliyemeza dawa za kujikinga bila kuzimaliza. Homa yoyote katika muda huo, hata iliyoambatana na mafua, ipimwe siku hiyohiyo. Maneno ya kumwambia mhudumu, kabla hajauliza, ni haya: "Nilikuwa ziwani, nililala huko usiku kadhaa, nilirudi tarehe fulani." Usikubali kutibiwa malaria bila kupimwa, na kipimo cha kwanza kikikosa kitu huku homa ikiendelea, rudia kesho yake. Ukipatikana na malaria ya kawaida na kupewa vidonge vya AL (mchanganyiko wa artemetha na lumefantrini), dozi ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne mara mbili kwa siku kwa siku 3, dozi ya pili ikifuata ya kwanza baada ya saa 8. Vimezwe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, kwani tumbo tupu huifyonza dawa vibaya, na vimalizwe hata homa ikitoweka siku ya pili. Vilivyobaki havihifadhiwi kwa ajili ya shangazi. Kuchanganyikiwa, degedege, kupumua kwa shida, kutapika kila kinachomezwa, macho ya manjano au mkojo mweusi kama kola ni alama za malaria kali, na hapo vidonge havitoshi; ni hospitali mara moja.

Neti nayo ina zamu yake. Ifue kwa sabuni ya kawaida bila kuisugua na bila jiki, ianike kivulini kwa sababu jua huidhoofisha dawa yake, kisha uikunje pamoja na kamba na misumari ileile katika mkoba uleule. Na kama kuna yeyote aliyegusa maji ya ziwa, hata kwa dakika tano za kucheza ufukoni, andika kwenye kalenda tarehe ya wiki ya nane kuanzia siku ile, umpeleke apimwe choo siku hiyo, kwa sababu kabla ya hapo mayai ya kichocho huenda bado hayajaanza kuonekana, na ukijibiwa mapema kwamba hana kitu utamsahau.